Kusikia Kabla ya Kusema: Lafudhi ya Aberdeen
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalowapata wenzetu wanaokwenda Uskoti kusoma au kufanya kazi, hasa Aberdeen na vijiji vya kaskazini-mashariki. Mtu amefaulu Kiingereza vizuri kabisa, lakini akifika wodini hamwelewi mzee aliyelala kitandani. Mgonjwa anasema mguu wake ni “sair”, naye muuguzi hajui kwamba anaambiwa unauma. Hapo si jambo la fahari ya cheti tena. Ni afya ya mtu.

Lugha ya sehemu hiyo huitwa Doric. Maneno ya kuuliza ambayo kwa Kiingereza cha vitabuni huanza na wh, wao huyaanza kwa f. “What” huwa “fit”, “where” huwa “far”, na “who” huwa “fa”. Ukiambiwa “Fit like?” unajuliwa hali. Mvulana ni “loon”, msichana ni “quine”, na kujua ni “ken”. Hayo si makosa, kama vile mtu wa Mombasa asemaye “nti” badala ya “nchi” hajakosea Kiswahili.

Sisi tunayo nafuu. Herufi r huko hutamkwa hata mwishoni mwa neno. Na sauti ya mwisho ya “loch”, yaani ziwa, ni ile kh ya “subalkheri”.

Je, sauti za kujifunzia zitapatikana wapi? Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies. Watafiti wake walizunguka na vinasa sauti, wakakusanya hadithi, nyimbo na masimulizi ya watu wa kawaida. Mmoja wao, Hamish Henderson, alikutana na mwimbaji Jeannie Robertson huko Aberdeen mwaka 1953. Kanda nyingi za chuo hicho husikilizwa bure kwa intaneti katika hazina iitwayo Tobar an Dualchais, iliyofunguliwa mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Glasgow nacho kina mkusanyo uitwao SCOTS, ambamo mazungumzo husikika huku maandishi yake yakisomeka. Upo pia International Dialects of English Archive, ulioanzishwa na Paul Meier mwaka 1997. Lakini Survey of English Dialects, ingawa ni kazi kubwa, ilihusu England, wala haitakufaa kwa Aberdeen.

Chagueni kwa uangalifu. Lafudhi ya Glasgow si ya Aberdeen. Kanda za miaka ya 1950 zina sauti za wazee wa wakati ule. Vijana wa leo hawasemi vivyo hivyo, kwa hiyo sikilizeni za zamani na za sasa. Msiwategemee waigizaji wa sinema.

Kisha fanyeni hivi. Chukueni dakika moja tu ya sauti ya mtu mmoja. Sikilizeni mara tatu bila kuandika. Mara ya nne andikeni mnachosikia, mlinganishe na maandishi yaliyopo. Halafu semeni pamoja naye, mjirekodi, mjisikilize. Dakika moja kila siku ina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Neno langu la mwisho ni la adabu. Lengo la kwanza ni kuelewa, si kuiga. Mgeni akiigiza lafudhi ya mwenyeji mbele yake, mwenyeji aweza kudhani anachekwa. Lafudhi yako ya nyumbani si aibu, ikae. Na usipoelewa, omba neno lirudiwe, wala usiitikie tu kwa kichwa. Kuuliza si ujinga.