Tulikwenda Kampala Kutazama Mpira

(Hotuba ya kikundi cha vijana, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Eldoret)



Tumepewa dakika ishirini na tunajua chai iko tayari, kwa hivyo tutaanza na lile swali ambalo limezunguka tangu mwezi wa Agosti 2025. Ati kwa nini vijana walitoa akiba yao wakaenda nchi ya watu kutazama mpira, na huku tanki la maji la hapa nyuma linavuja? Ni swali la haki. Mzee aliyeliuliza ameketi hapa mbele, nasi tumemwomba asiondoke kabla hatujamaliza.

Pesa kwanza. Tulikuwa watu 22, wasichana 9 na wavulana 13. Kila mmoja aliweka shilingi 100 kwa wiki tangu Oktoba 2024. Wengine waliuza mayai, wengine walifua nguo za watu, na wawili walibeba mawe kwenye mjengo. Hatukugusa hata senti moja ya mfuko wa maendeleo. Risiti ziko kwa mhazini, na yeyote anayetaka kuzisoma azisome.

Sasa tuseme sisi ni akina nani, kwa sababu hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Tunatoka Langas, Huruma, Munyaka, Kapsoya na Kipkaren. Mnaujua mji wetu. Mtu wa Eldoret akikuuliza unatoka wapi, mara nyingi si mtaa anaotaka, anataka jina la baba yako. Wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, na wengine hatukuwa tumezaliwa. Lakini tumelelewa na hadithi zake. Tunajua yaliyowapata watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa tarehe 1 Januari 2008. Wawili kati yetu walijifunza kutembea katika mahema ya Showground. Mwingine alilelewa katika nyumba ambayo jina la mtaa fulani halikutajwa mezani. Hatukuyazungumza haya kikundini. Tulikuwa tukikutana, tunaweka zile mia mia, tunasali, kisha kila mmoja anapanda matatu ya upande wake.

Basi tulisafiri Jumamosi tarehe 16 Agosti. Tulipita Turbo, Webuye na Bungoma hadi Malaba. Siku hizi Mkenya anavuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tu. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014. Lakini chukueni pia kadi ya homa ya manjano, msije mkakwama mpakani. Tulikuwa tumebeba mursik katika vibuyu vitatu kama zawadi, na askari mmoja wa mpakani alitaka kujua ni kitu gani. Tulipomweleza kuwa ni maziwa na mkaa alitutazama kama watu wa ajabu sana, kisha akacheka akatuachilia.

Kutoka hapo ni Tororo, Bugiri, Iganga, na Jinja, ambako tulivuka Nile kwa lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Baada ya msitu wa Mabira kuna soko la kando ya barabara liitwalo Namawojjolo. Basi halijasimama vizuri, madirisha yote yameshajaa mikono: kuku wa kuchoma kwenye vijiti, ndizi za kuchoma wanazoziita gonja, maji, soda. Kila mchuuzi ana koti lenye namba, kwa hivyo ukidanganywa chenji unajua wa kumtafuta. Akina mama wanaouza mahindi stendi yetu hapa wangependa kuliona jambo hilo.

Wenyeji wetu walikuwa vijana wa kanisa moja huko Bweyogerere, karibu kabisa na uwanja. Walitugawa katika nyumba zao, wawili wawili. Na hapa tunataka kusema waziwazi: mgawanyo ule hatukuupanga sisi. Mama mmoja alisimama na daftari, akahesabu "wewe na wewe, wewe na wewe." Yeye hakujua majina yetu yana maana gani kwetu. Kwake yalikuwa majina ya Kenya, basi. Kwa hiyo wapo waliolala chumba kimoja siku tatu ambao hapa Eldoret hawajawahi kuingia nyumba ya mwenzake. Ule usiku wa kwanza, wawili kati yao hawakulala mpaka saa tisa. Waliyoongea ni yao, hatutayasoma hapa.

Waganda wana adabu ya salamu ambayo ilitushinda mwanzoni. Mwanamume ni ssebo, mwanamke ni nnyabo, na hakuna kuuliza bei wala njia kabla ya kusalimu. Ukimkuta mtu akifanya kazi, unamshukuru kwa kazi yake, "gyebale ko," hata kama kazi hiyo haikuhusu. Na ukifika nyumbani kwao wanakuambia "mwebale kujja," yaani asanteni kwa kuja. Sisi tulidhani mgeni ndiye anayeshukuru.

Kiswahili je? Hapo tulijifunza neno zito. Vijana wenzetu walikuwa na hamu ya kukiongea, maana mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Lakini babu wa nyumba moja alitusikia tukiongea uani, akanyamaza. Baadaye alituambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba katika siku za Amin, Kiswahili kilikuwa ni lugha ya askari wanaogonga mlango usiku. Mtu akikisikia, alizima taa. Lugha ambayo sisi hapa tunaikimbilia ili tusijulikane kabila, yeye alikuwa anaikimbia. Hatukuwa na la kumjibu. Kesho yake asubuhi alitusalimu "hamjambo" yeye mwenyewe, na tulipoitika alitikisa kichwa kidogo, akaendelea na chai yake.

Kuhusu chakula hatutachukua muda mrefu, ingawa kuna wanaotaka kusikia. Matoke hupikwa yakiwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba, kisha yanapondwa humohumo. Ugali wanauita posho, na wengi wanauhesabu kama chakula cha wanafunzi, jambo lililowaumiza sana wavulana wetu. Rolex si saa. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Mursik yetu walionja. Wawili waliomba tena. Waliobaki walishukuru kwa adabu.

Jumapili alasiri tulitazama televisheni kwa wenyeji, maana Harambee Stars walikuwa wanacheza na Zambia huko Kasarani. Mashindano yalikuwa ni yale ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mwezi huo wa Agosti. Kenya ilishinda 1-0, bao la Ryan Ogam, ikamaliza ya kwanza katika kundi lake. Waganda waliruka kuliko sisi. Jirani mmoja alikuja kutupa mkono kana kwamba sisi ndio tuliofunga.

Jioni tulipelekwa Ndere, kituo cha utamaduni kilichoko Ntinda. Jamani, kama kuna jambo moja tungependa lifanywe hapa Eldoret, ni lile. Jukwaa ni la wazi, watu wanakula, na ngoma za nchi nzima zinachezwa na kundi moja la wachezaji. Msichana yuleyule aliyecheza bakisimba ya Baganda, amefunga ngozi kiunoni, baadaye anarudi kucheza larakaraka ya Waacholi na vibuyu. Mtangazaji anaeleza kila ngoma inachezwa wakati gani na kwa nini, na anatania kila kabila, likiwemo lake. Uganda nayo imemwaga damu ya kikabila, tena nyingi. Tulikaa tukijiuliza kama hapa kwetu msichana wa Munyaka angekubaliwa kucheza ngoma ya Kinandi jukwaani bila mtu kunong'ona. Tulijiuliza kwa sauti, nje, tukingoja gari. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza.

Sasa mpira wenyewe. Jumatatu tarehe 18 Agosti, saa mbili usiku, Uganda na Afrika Kusini, katika uwanja wa Namboole. Jina lake rasmi ni Mandela National Stadium. Ulifunguliwa mwaka 1997, una nafasi ya watu zaidi ya 40,000, na kabla ya mashindano haya ulikarabatiwa na wahandisi wa jeshi la Uganda. Hebu fikirini, Waafrika Kusini wanakuja kucheza ugenini katika uwanja wenye jina la Mandela!

Tulikwenda kwa miguu tangu saa tisa. Njiani kila mtu alituuliza tunatoka wapi. Tukisema Kenya, wanaitikia vizuri. Tukisema Eldoret, wanapiga kelele: "Kipchoge!" Mzee mmoja alitukumbusha kwamba Stephen Kiprotich wao, aliyeshinda dhahabu ya marathon London mwaka 2012, alikuwa akifanya mazoezi upande wetu huu. Basi wakadhani sote ni wakimbiaji. Kuna kijana wetu wa Munyaka, jina lake ni la Nyeri kabisa, na mbio zake ni zile za kukimbilia chakula. Aliitwa Kipchoge siku zile zote. Wale wetu wa Kinandi walikuwa wa kwanza kuthibitisha: "Ndiye huyu, mtazameni miguu."

Ndani ilikuwa ngoma na vuvuzela mtindo mmoja. Jude Ssemugabi aliifungia Uganda kipindi cha kwanza, na jengo likatetemeka. Kipindi cha pili mambo yakageuka. Afrika Kusini wakasawazisha, wakafunga la pili, na ilipokaribia mwisho wakafunga la tatu. Uwanja ukawa kama matanga. Watu wengine wakaanza kutoka. Sisi tulibaki, kwanza kwa sababu wenyeji wetu walibaki, na pili kwa sababu tulikuwa tumeweka mia mia wiki nyingi mno kuondoka mapema. Mara penalti, Allan Okello akafunga, 3-2. Halafu katika dakika za nyongeza, penalti nyingine. Rogers Torach akaweka mpira. Msichana wetu mmoja alifumba macho, na aliyemshika mkono ni mtu ambaye safari nzima ya kwenda hawakuwa wamesemezana. 3-3. Uganda wakaongoza kundi kwa pointi 7, na Afrika Kusini wakaaga mashindano palepale.

Kando yetu walikuwepo Waafrika Kusini wachache wenye jezi za njano. Mmoja alikaa chini, kichwa mikononi. Vijana wa nyuma wakaanza kumpigia vuvuzela masikioni. Mzee wa Kiganda akageuka akawakemea kwa Kiganda, na tulipouliza amesema nini, mwenyeji wetu akatafsiri: "Yule amelala kwetu jana, atalala kwetu leo." Vuvuzela zikashuka. Siku tano baadaye Uganda nao walifungwa 1-0 na Senegal katika robo fainali, tukiwa tumesharudi, na tuliwapigia simu kuwapa pole.

Mzee wetu, hilo ndilo jibu letu kuhusu tanki. Hatusemi mpira ni bora kuliko maji. Tanki tumekubaliana kuliziba wenyewe Jumamosi ijayo, tukiwa wote 22, na saruji tumeshanunua. Lakini mikutano ya amani tumehudhuria mingi hapa mjini, yenye soda na wageni wa heshima, tumekaa viti vya kando kwa kando na tukarudi makwetu tulivyokuja. Kampala tulikuwa wa Eldoret. Tulikuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyejua kutugawanya.

Tangu turudi haijawa rahisi. Mmoja wetu alizuiwa na nyumbani kumtembelea yule waliyelala chumba kimoja, na bado anazuiwa. Tunawaomba wazee wawili, mmoja kutoka kila upande, waende pamoja kwa familia hiyo. Majina ya wazee tuliowaza tumempa mwenyekiti.

Neno la mwisho ni la kazi. Vijana wa Bweyogerere watakuja kwetu mwezi wa Desemba, watu 20. Tungependa walale nyumbani, si hotelini, na tungependa mgawanyo ufanywe kama ule wa kwao, na mtu mwenye daftari asiyeangalia majina. Tunahitaji vitanda 20. Kufikia jana tumeahidiwa 13, vingi vikiwa Kapsoya na Langas. Kutoka Munyaka tuna vitatu, kutoka Kipkaren hatujapata hata kimoja. Karatasi ya kujiandikisha iko pale mezani karibu na birika la chai, na kalamu imefungwa kwa uzi.