Vijana, Jembe na Shamba la Kuazimwa

Hotuba ya viongozi wa klabu ya vijana wakulima kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Makueni



Tuliombwa tuseme juu ya kazi za klabu yetu na jinsi tunavyoitumikia jamii, na tukaambiwa tusipite nusu saa kwa sababu chakula kiko karibu kuiva. Tutajaribu. Tusipomaliza, tutamalizia tukila.

Wengi wenu mnalijua jina la 4-K kuliko sisi. Klabu hizo zilianza hapa Kenya mwaka 1962, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa. Mfano wake ulitoka kwa klabu za 4-H za Marekani, ambazo mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1902 katika jimbo la Ohio. Zetu zikapewa maneno yetu wenyewe: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baadaye zilififia, na mwezi wa Juni 2021 serikali ikazizindua upya mashuleni. Klabu yetu si ya shule, maana wengi wetu tumekwisha kumaliza masomo, lakini maneno hayo tumeyaazima, na tungependa myatazame yalivyopangwa. Kusaidia ni neno la tatu. Kwanza watu waungane, halafu wafanye kitu, ndipo wawe na cha kusaidia nacho. Mara nyingi sisi vijana huanziwa kwa hilo la tatu. Kuna harusi, vijana wabebe viti. Kuna mgeni anakuja, vijana wafyeke barabara. Viti tunabeba, na tutaendelea kubeba. Lakini huo si ukulima.

Tena kuna jambo la jembe lenyewe. Mtu akituuliza kwa nini vijana hawapendi shamba, sisi tunamuuliza: ulijifunzia wapi kulima? Wengi wetu tulijifunza kama adhabu. Umechelewa shuleni, nenda ukalime. Umeongea lugha ya nyumbani darasani, chukua jembe. Na kabichi zikikomaa, hazikuonekana kwenye sufuria ya wanafunzi. Mtoto aliyefundishwa hivyo kwa miaka minane, si ajabu akiona pikipiki ni wokovu.

Basi klabu yetu inafanya nini? Tutaanza na kuku, kwa sababu kwa kuku ndipo tumejulikana.

Kuku wa kienyeji ndiye benki ya mama. Karo ikipungua kidogo, kuku anauzwa. Mgonjwa akihitaji nauli, kuku anauzwa. Lakini kideri, yaani Newcastle, kikiingia kijijini, benki hiyo inafungwa kwa juma moja. Asubuhi unakuta wamejikunja, mbawa chini, shingo zimepinda, na jioni unazika. Hakuna dawa ya kukitibu. Kuna chanjo tu, na chanjo yenyewe ni tone moja ndani ya jicho la kuku, kila baada ya miezi 3 hivi. Kama ni rahisi namna hiyo, kwa nini kuku wanaendelea kufa?

Ni kwa sababu ya chupa. Chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, nayo ikishachanganywa lazima itumike siku hiyo hiyo. Mama mwenye kuku 8 hawezi kuinunua peke yake. Akinunua, kuku 8 wanachanjwa na dawa iliyobaki inamwagwa. Halafu chanjo inataka baridi. Ukiitia mfukoni kwenye matatu ya kutoka Wote hadi hapa wakati wa jua, unafika na maji. Kwa hiyo mambo mawili yanatakiwa: barafu, na watu wengi kukubaliana siku moja. Hapo ndipo klabu ina faida, maana sisi ni wengi na miguu tunayo. Wawili wanakwenda kuleta dawa ndani ya themosi yenye barafu, na wengine wanakuwa wamezunguka kijiji kuandika nani ana kuku wangapi. Siku ya chanjo tunatoka alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, na jua likianza kuwa kali tumemaliza.

Tuliulizwa na mama mmoja, "Si ninyi ni vijana wa kanisa? Mbona mnatulipisha?" Swali lake ni halali. Tunalipisha kidogo kwa kila kuku kwa sababu dawa inanunuliwa, barafu inanunuliwa na nauli inalipwa. Tukichanja bure mara moja, mara ya pili hatutarudi, na mnajua tone moja halitoshi maisha yote. Kwa nyanya aliye peke yake na asiye na kitu, hapo tunachanja bila malipo. Huo si wema mtupu. Ugonjwa ukipata boma moja lisilochanjwa, umepata mahali pa kukaa ukisubiri vifaranga vya jirani. Na jamani, kuku akishaugua msimfiche katikati ya wengine ili naye atiwe tone. Haimtibu, na sisi tukimshika tunabeba ugonjwa kwa mikono hadi boma linalofuata.

Kazi yetu ya pili ni mitaro ya fanya juu, na hapa tunawafundisha samaki kuogelea, kwa maana ninyi ndio mlioijua kabla yetu. Unachimba mtaro wa kama futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, ukifuata usawa wa mlima, na udongo unautupa upande wa juu. Hilo tuta unalipanda nyasi, nepia au makarikari, na mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe. Tatizo letu lilikuwa usawa. Jicho hudanganya. Mtaro ukiinama kidogo tu, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kukata korongo. Sasa tunatumia fremu ya herufi A: miti miwili ya urefu sawa, mmoja wa kukingama katikati, uzi na jiwe. Kabla ya kuitumia unaisimamisha, unatia alama pale uzi unapogusa mti wa kukingama, halafu unabadilisha miguu, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, unatia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Haigharimu hata shilingi. Mwenye haraka ya kuruka hatua ya kubadilisha miguu, tutakutana naye kwenye korongo.

Wazee mtatuvumilia tukigusa historia, kwa sababu inahusu ombi letu. Wakati wa ukoloni watu wa Ukambani walichimbishwa mitaro kwa amri. Mwaka 1938 serikali ilipowapunguzia ng'ombe kwa nguvu, ikisema ni kwa ajili ya kulinda udongo, watu waliandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao Muindi Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu. Mtu angedhani kwamba Mkamba amekataa kutunza udongo. Kumbe alikataa kuamriwa. Ni watu hao hao, wakiwa katika mwethya wao, waliojaza milima hii mitaro baadaye, wakichagua fanya juu wenyewe kwa vile waliona mahindi yanasimama. Mwaka 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos ya zamani, ambayo hii Makueni yetu ilikuwa ndani yake. Walionyesha kwamba toka miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, na badala ya udongo kuisha, mmomonyoko ukapungua. Mtu huchimba vizuri anapojua kwamba anachochimba kitamlisha.

Sasa tufike kwenye lile lililotuleta. Tutalisema kwa heshima, ila tutalisema.

Kuna kikundi kimoja, hatutakitaja, kilitupa nusu ekari. Ilikuwa mawe na vichaka, na hakuna mtu aliyekuwa ameipanda kwa miaka. Tulifyeka. Tukapanga mawe. Tukachimba mitaro mitatu, tukabeba mbolea ya boma kwa wilbaro na kwa punda wa kuazima. Msimu wa kwanza tulipata kidogo sana, na wa pili tukapata afadhali. Msimu wa tatu mtu akipita njiani alikuwa anasimama kutazama kunde zetu na mbaazi. Baada ya mavuno tukaambiwa kwamba kikundi kimekutana na kimeona kinahitaji shamba lake. Hakukuwa na karatasi. Tulipewa kwa mdomo na tukanyang'anywa kwa mdomo.

Hatukuja hapa kushtaki. Shamba lilikuwa lao, na hatujasema ni letu. Lakini mtusikilize lililofuata. Wenzetu kadhaa wakaenda Nairobi, na wengine wakaingia kwenye boda boda. Sisi tuliobaki tulipopewa kipande kingine, tulipanda ndengu peke yake. Mnajua ndengu: miezi miwili na kitu umevuna, umeondoka. Hatukuchimba mtaro hata mmoja, wala hatukupeleka mbolea. Afisa wa kilimo akatuuliza mbona vijana mliosomea mambo haya mnalima kama wapangaji. Tukamjibu, sisi ni wapangaji.

Hapo ndipo tunaomba mtazame. Mkitaka kujua kijana ameahidiwa shamba kwa muda gani, msimuulize, tazameni alichopanda. Anayejua ana msimu mmoja atapanda ndengu. Mwenye uhakika wa miaka 5 atachimba mtaro. Na mukau? Kwenye kitalu chetu tuna miche ya mukau, na mtu asidhani imetujia kwa urahisi. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe. Lazima uipasue bila kuiumiza mbegu, ukate ncha ya mbegu, uiloweke usiku, uchane ganda lake, ndipo uizike kwenye mchanga chini ya karatasi ya nailoni. Wengine bado hutegemea mbuzi ale tunda na kuacha kokwa bomani. Mti wenyewe mchwa hauwezi, na mbao yake inatafutwa. Lakini unachukua miaka 10 na zaidi kabla ya kukatwa. Niambieni ni kijana gani ataupanda kwenye shamba ambalo mkutano wa Jumanne unaweza kumnyang'anya. Miche yetu tunaiuza kwa wenye mashamba. Tunapanda miti ya watu wengine.

Kwa hiyo tunaomba karatasi. Si hati ya kumiliki, msiogope. Tunataka barua moja inayosema kipande ni kipi, ni kwa miaka mingapi, na kwamba mwenyewe akikihitaji kabla ya wakati, atalipa mitaro na mbolea na aliyepanda mti ataukuta mti wake. Isainiwe mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi alipotaka kumaliza jambo la shamba, pamoja na ukarimu wake wote, aliketi langoni akawaita wazee 10 wa mji washuhudie. Alikuwa mtu mwema, na bado alitaka mashahidi. Sisi tutaridhika na watatu.

Jina la msichana pia liandikwe kwenye barua hiyo. Tunasikia wazazi wakisema binti ataolewa, kwa nini apewe kipande. Ataolewa, ndiyo, lakini kwa sasa yupo hapa, na ndiye anayechanja kuku wenu, maana kusema kweli wavulana wetu hupenda kukimbiza kuku kuliko kuwashika.

Juu ya utumishi tumekubaliana hivi. Mjane, mzee asiyejiweza na mgonjwa, tutachimba kwao bila kuuliza, mradi tupewe habari juma mbili mbele. Kwenye boma lenye vijana wake, tutakuja nao wakiwa wameshika jembe. Hatutachimba shamba ambalo wenyewe wamekaa kivulini wakitazama. Mwethya haukuwa hivyo, na ninyi ndio mliotueleza.

Na kitabu cha fedha kibaki na mweka hazina wetu. Tunawakaribisha mkikague kila mwisho wa msimu, ukurasa kwa ukurasa, hata mtuulize juu ya sabuni. Lakini kisikae nyumbani kwa mzee ati kwa vile sisi ni watoto. Tusiposhika daftari sasa, tutajifunza lini?

Tumalizie na matangazo. Wanaotaka mitaro kabla ya mvua za Oktoba waandikishe majina kwa katibu wetu kabla ya mwisho wa Agosti, na tutaanza na mashamba ya juu mlimani, maana maji huanzia huko. Mitaro ikianza chini, mvua ya kwanza inaijaza mchanga. Miche ya mukau ipo, na mwembe wa kupandikizwa utakuwa tayari mvua zikianza. Kikundi kilicho tayari kuandika ile barua kimwone mwenyekiti wetu hata leo, kalamu tunayo. Chanjo ya kuku ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na mtu wetu atapita Alhamisi kuwahesabu. Tafadhali mfungie kuku wote usiku wa kuamkia Jumamosi, pamoja na wale wanaolala juu ya miti. Jogoo wa mwembeni huwa tunamwacha, na ndiye mwenyewe humlilia wa kwanza.