Mafuta ya Akiba

Bei zikipanda, ushauri huja mbio: nunua mafuta mengi, weka. Sawa, kwa mwenye nazo. Hapa Magogoni, Kisauni, mama wa viazi karai hununua ya kupima, ya leo kwa leo. Mtungi wa lita 20 atautoa wapi? Tena hofu hupita: Aprili 2022 Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje, na Kenya huagiza mengi ya mafuta yake. Marufuku ile haikutimiza hata mwezi. Na hata mwenye nazo akiweka mafuta ya zeituni, kwa joto letu hili, hayapendi kukaa: yakipigwa na jua huharibika. Mwenye duka, mtu akitaka kubeba katoni tatu, mkumbuke anayekuja na kichupa chake jioni.