Hesabu ya Maji ya Mto Tana



Watu wengi hudhani kwamba kazi ya injinia wa maji ni kujenga ukuta na kufunga mitambo tu. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, iko kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kupima gharama na faida. Leo napenda kuwaelezeni jambo hili kwa mfano wa Mto Tana.

Tangu mwaka 1968, mtambo wa Kindaruma ulipoanza kazi, mabwawa ya umeme yamejengwa moja baada ya jingine, hata yakawa matano: Masinga juu kabisa, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yale yale huzungusha mitambo mara tano kabla ya kushuka pwani.

Bwawa la Masinga lilimalizika mwaka 1981. Ziwa lake ni kubwa kuliko yote, lapata kilomita za mraba 120, lakini mitambo yake ina nguvu ya megawati 40 tu, hali ile ya Gitaru ina 225. Mwenye kuuhesabu umeme wa Masinga peke yake atasema fedha zilipotea bure. Hesabu hiyo si sawa. Masinga ni ghala. Ghala halizai hata punje moja, walakini huwalisha watu wakati wa njaa. Na Masinga huweka maji ya mvua ili mabwawa manne ya chini yafanye kazi wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, ziko gharama zisizoandikwa katika daftari la umeme. Mashamba na malisho yalizama. Wapokomo wa Tana ya chini hulima kwa mafuriko, na mto ukizuiwa mafuriko hupungua. Tena ghala lenyewe laweza kuwa tupu: mwaka 2000, kwa sababu ya ukame, umeme uligawiwa kwa zamu. Ndipo ilipodhihirika thamani ya mvuke wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme mwaka 1981. Kuchimba visima vyake ni ghali, lakini hautegemei mvua.

Wazee husema akiba haiozi. Akiba ya maji, lakini, hupungua udongo ukiijaza. Basi mkulima wa Murang'a au Machakos achimbaye matuta shambani mwake huilinda rutuba yake, na papo hapo huongeza umri wa Masinga. Naye ana haki ya kuhesabiwa.