Konokono wa Mwamgongo na Joto la Ziwa

Msikilizaji, huko Bahari ya Hindi maji yakipwa, konokono wa mwambani hujibanza kwenye ufa, hufunga mlango wa gamba lake, akangoja maji yajae. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Hapa Mwamgongo, jirani na Hifadhi ya Gombe, yupo konokono ambaye wataalamu humwita Spekia, kwa jina la msafiri Mwingereza Speke aliyefika Ujiji mwaka 1858. Huganda kwenye jiwe linalopigwa na mawimbi. Jaribu kumbandua, utaumiza kucha.

Huyo hanitii hofu sana. Ninaowahofia ni walio chini zaidi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na oksijeni haishuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa maeneo yaliyochunguzwa yamepoteza asilimia 38 ya sakafu yenye oksijeni tangu miaka ya 1940. Samaki ataogelea kwingine. Konokono atambae hadi wapi? Maana huko juu nako, udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti unayafunika mawe.