Safari ya mkopo wa chuo huanzia RITA

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa Tanzania, vibanda vya intaneti hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Ndani mna fomu inayosubiri muhuri wa serikali ya mtaa, cheti cha kuzaliwa na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutaka vyeti hivyo vihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA kwa upande wa Zanzibar. Familia iliyozika bila kusajili kifo huanza kuhangaika miaka mingi baadaye, na anayeumia ni yatima, yuleyule aliyepaswa kufikiriwa kwanza.

Mkopo hugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, ingawa si kila mwombaji hupata vyote. Nao ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilivimbisha madeni hayo hadi ilipofutwa mwaka 2021, na ilistahili kufutwa.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha sita asingoje matokeo. Vyeti vihakikiwe sasa.