Mwenye uchungu asiachwe peke yake

Leo nazungumzia mlango wa leba. Mjamzito anapokelewa hapo na kadi yake ya kliniki, doti zake za kanga, beseni na mpira wa kulalia. Mama yake, dada yake au mumewe, aliyehangaika naye usiku kucha, mara nyingi anaambiwa abaki nje. Rai yangu ni kwamba mtu mmoja aruhusiwe kuingia naye.

Nayasema haya kama mzazi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alikaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji, nami ndani nimeng'ang'ania chuma cha kitanda. Nesi alikuwa mmoja, wazazi wengi. Alinipima njia, akasema bado, akakimbilia kitanda kingine. Simlaumu. Uchungu nilikuwa nimeambiwa habari zake mapema. Lililonielemea ni kutojua: damu hii ni ya kawaida? Mbona mtoto ametulia? Msukumo uliponijia nikaita, aliyenisikia kwanza ni mzazi wa kitanda cha pili, naye yumo katika uchungu wake, akaniitia nesi kwa sauti kubwa. Mwanangu alizaliwa salama. Mama alikisikia kilio kutoka kwenye benchi, asijue ni cha mjukuu wake au cha mjukuu wa mwenzake.

Sisemi turudi kuzalia nyumbani. Utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104, na hatua hiyo tusiipoteze. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anahitaji sindano, dripu, damu ya kuongezewa, pengine upasuaji, na hayo yako hospitali. Lakini bibi zetu walipojifungua nyumbani, walikuwa na mtu wao asiyebanduka. Hospitali inaweza kutupa yote mawili.

Manufaa ya kuwa na mtu huyo yamepimwa. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yakihusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba anayekaa na msaidizi muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Msindikizaji huyo anamsugua kiuno, anamnywesha chai, anamshika mkono akitaka kutembea. Na damu ikizidi, ana miguu ya kumkimbilia mkunga.

Wakunga wana hoja zao, na ni za kweli: wodi zimebanana, na mume wa huyu hapaswi kumwona mke wa yule. Basi pafungwe mapazia kati ya vitanda, na pasipo na pazia, wasindikizaji wawe wanawake. Waelekezwe pia: wanawe mikono, wasimpe mzazi dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, na wakiombwa kupisha, wapishe. Mkoani Kigoma vituo kadhaa vya afya vimekwisha kuujaribu utaratibu huu wa kuwa na msindikizaji.

Kwa hiyo, madiwani na kamati za vituo vya afya, mapazia hayo yaingizeni kwenye bajeti. Mjamzito unayenisikiliza, siku ya kliniki uliza kama kituo chako kinaruhusu msindikizaji, na umchague mapema. Nawe utakayechaguliwa, usimfokee akilia, wala usimhimize kusukuma kabla mkunga hajasema. Mpe maji, msugue mgongo, na ukiona jambo lisilo la kawaida, mwite mkunga papo hapo.